WAJIBU WA ANAYEONA

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja wa kambi yetu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Dzaleka. Kamati ya Jumuiya imeona vema kuichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)






Nilipoombwa kuzungumza, niliambiwa niseme juu ya elimu, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nikamwomba Mwenyekiti anibadilishie mada. Alikubali, ingawa aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimjibu kwamba nina hakika.

Mada yangu ni juu ya mtu anayemwona mwenzake akinyanyaswa kijinsia mahali pa kazi. Sitazungumza sana juu ya mtenda kosa, maana huyo sheria inamjua. Wala sitamfundisha aliyetendewa namna ya kuvaa, ya kutembea au ya kujibu, maana amekwisha fundishwa vya kutosha na watu ambao hawakumsaidia. Nitazungumza juu yetu sisi wengine, tulio wengi, tunaokuwepo pale pale, tunaona, tunasikia, kisha tunakwenda nyumbani kula.

Tuelewane kwanza

Ndugu zangu, tusije tukadhani nazungumzia jambo la mijini au la maofisini tu. Mahali pa kazi ni popote ambapo mtu mmoja ana kitu mkononi na mwingine anakihitaji ili aishi. Ni duka, ni shamba, ni mashine ya kusaga, ni mgahawa, ni zahanati, ni ofisi ya shirika, na ni shule pia. Sisi walimu tusijitoe. Mwalimu anayemwambia msichana kwamba alama zake zitaongezeka akija nyumbani, huyo naye yumo katika habari hii.

Kosa lenyewe lina sura nyingi. Linaanza na maneno ya utani ambayo mmoja tu ndiye anayecheka. Linafuata kushikwashikwa. Kisha inakuja ile inayoitwa rushwa ya ngono: mpaka ukubali ndipo upate kazi, ndipo jina lako lisikatwe kwenye orodha, ndipo mkataba wako urudiwe. Mwishoni ni kubakwa. Mara nyingi mambo haya huja kwa kufuatana, la kwanza likifungua mlango kwa la pili. Kwa hiyo anayeliona la kwanza na kulinyamazia asiseme kwamba la mwisho limemshangaza.

Niliyoyaona Chinsapo

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, maana si haki kuwahubiria wengine huku nikijificha nyuma yao.

Nilifika Malawi nikiwa kijana, baada ya kumaliza chuo cha ualimu nyumbani. Kwa miaka kadhaa niliishi Chinsapo, ule mtaa wa Lilongwe ambako wengi wetu tulikuwa na maduka, vinyozi, vyerehani na vibanda vya chakula. Asubuhi nilifundisha watoto kwa malipo madogo. Mchana hadi jioni niliandika vitabu vya hesabu katika duka moja la jumla. Tulikuwa wafanyakazi watano: wapakiaji wawili, mpokea fedha, mimi, na binti mmoja wa miaka 19 aliyetoka hapa kambini, ambaye aliuza rejareja mbele.

Mwenye duka alianza kwa utani. Tulicheka, kwa kuwa ni bosi. Kisha akaanza kumbakiza binti yule wakati wa kufunga, eti amsaidie kuhesabu magunia ya sukari stoo. Hakuna aliyetuambia maana yake, wala hatukuhitaji kuambiwa. Mtu hahesabu magunia huku amefunga mlango kwa ndani. Ilipofika saa kumi na moja na nusu, wapakiaji walikuwa wamekwisha vaa makoti yao. Mpokea fedha aliinamia droo. Mimi niliinamia daftari, nikijumlisha tena mistari niliyokwisha kuijumlisha.

Mbele ya duka alikaa mama mmoja wa Kimalawi aliyeuza nyanya na vitunguu. Jioni moja binti alipoitwa stoo, mama yule aliingia na beseni lake kichwani, akapaza sauti, "Odi!" mpaka kwenye mlango wa stoo, akasema anataka kubadilishiwa noti. Alipopewa chenji hakuondoka. Akakaa juu ya kreti la soda, akaanza kuzihesabu sarafu moja moja. Alipomaliza akamwambia binti, "Nisaidie kubeba beseni mpaka barabarani, mgongo unaniuma." Wakaondoka pamoja. Jioni ya pili alikuja kuuliza bei ya chumvi. Jioni ya tatu alikuja kuomba maji ya kunywa. Mwenye duka alikasirika, lakini angesema nini? Hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Ni mama tu, anaomba maji.

Siku ya nne mama yule alikwenda msibani. Sisi wanne tulikuwepo.

Sitaeleza zaidi. Binti hakurudi kazini kesho yake, na mshahara wake wa mwezi ule hakulipwa. Sisi tulilipwa.

Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, nami nilirudi kama wengi wenu mlioacha vitu vyenu Chinsapo. Nikiwa kwenye foleni ya kuandikishwa nilimwona. Akanisalimu kwa heshima, "Habari, mwalimu." Tukaulizana hali. Kisha akasema, "Siku ile mlisikia?" Nikajibu kwamba tulisikia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilidhani labda hamkusikia."

Ndugu zangu, miaka yote ile alikuwa akijifariji kwamba hatukusikia. Amenipa ruhusa niseme habari hii pasipo jina lake wala jina la duka. Ndiyo sababu niliomba kubadilishiwa mada.

Kwa nini wengi hunyamaza

Mtu akisikia habari hii atasema sisi wanne tulikuwa watu wabaya. Sidhani. Mpakiaji mmoja alikuwa mtu wa kwanza kuchangia kila palipotokea msiba. Mpokea fedha alikuwa akiimba kanisani. Ubaya peke yake hautoshi kueleza jambo hili, na tusipolieleza vizuri hatutalitibu.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa somo la saikolojia, nami nilidhani ni la mtihani tu. Humo mna jaribio moja maarufu, lililochapishwa mwaka 1968 na wataalamu wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley. Huko New York, wanafunzi wa chuo kikuu waliwekwa katika chumba wakijaza karatasi za maswali. Moshi ukaanza kupenya kutoka kwenye tundu la ukutani. Wale waliokuwa peke yao, 18 kati ya 24 walitoka kutoa taarifa. Lakini mwanafunzi alipoketishwa pamoja na watu wawili waliopangwa wasijali kitu, ni mmoja tu kati ya 10 aliyetoka. Wengine waliendelea kuandika huku wakikohoa na kuupunga moshi usoni.

Wazee wetu walisema, pafukapo moshi pana moto. Wamesema kweli. Lakini mtu aliye katikati ya wengine hautazami moshi. Hutazama nyuso za wenzake. Mpakiaji alinitazama mimi, mtu niliyesoma, akaona nimetulia, akasema moyoni kwamba labda si kitu. Mimi nilimtazama mpokea fedha, mzee kuliko sisi sote, nikaona ametulia. Naye bila shaka alitutazama sisi. Kila mmoja alikuwa kwa mwenzake ushahidi kwamba hakuna moto.

Juu ya hayo, sisi wakimbizi tuna sababu zetu. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti juu ya baadhi ya haki, na haki ya kufanya kazi ni mojawapo. Anayefanya kazi bila kibali huogopa kwenda polisi hata akiwa ni shahidi tu. Tena mara nyingi anayekupa kazi ni mtu wa nyumbani, aliyekukopesha fedha ulipofika, anayesali pamoja nawe. Tena kambi hii, ambayo ilijengwa kwa watu kama 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, ni kubwa kwa idadi lakini ni ndogo kwa maneno: likisemwa asubuhi bombani, jioni limefika zoni ya mwisho. Kwa hiyo mtu huogopa kumharibia binti jina, huogopa kumharibia mzee jina, na huogopa kukatwa kwenye kazi ya posho inayowalisha watoto wake.

Hofu hizi si za kijinga, wala sitamwambia mtu asiogope. Namwambia tu kwamba mama wa nyanya naye alikuwa na hofu. Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya mwenye duka yule yule.

Mfano wa Beni

Wengi wetu hapa tumetoka mashariki mwa Kongo, na wengine wana ndugu Beni, Butembo na Mangina. Tunakumbuka ugonjwa wa Ebola uliotangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ambao uliua watu zaidi ya 2,200. Wageni wengi walikuja kusaidia, na wengi wao walifanya kazi njema kwa kuhatarisha maisha yao. Magari yalijaa barabarani, fedha zikawa nyingi, na kazi zikapatikana: kupika, kufagia, kuosha, kuhamasisha watu vijijini.

Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha habari za wanawake 51 wa Beni waliosema walidaiwa mwili ili wapate kazi, au wasiipoteze. Shirika la Afya Duniani likaunda tume huru. Wenyeviti wake walikuwa wanawake wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mwanamke wa Kongo ambaye wengi mnamjua kwa kazi yake ya kuwatetea wanawake huko Ituri na Kivu. Ripoti yao ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Mmoja wa waliotoa ushahidi alikuwa msichana mdogo aliyekuwa akiuza kadi za simu kando ya barabara huko Mangina. Dereva alimwambia apande gari ampeleke nyumbani. Alipelekwa hotelini.

Sasa nawauliza. Hotel ina mlinzi, ina wa mapokezi, ina mfagiaji. Gari la shirika lina karatasi ya safari ambayo mtu fulani anaisoma. Orodha ya ajira ina karani anayeiandika. Watu 83 hawafanyi mambo kama haya katika miji ile pasipo wengine kuona.

Liko jambo jingine katika habari ya Beni ambalo lilinikosesha usingizi nilipolisoma. Mei 2021 shirika la habari la Associated Press liliandika juu ya daktari mmoja aliyetuhumiwa kumpa msichana mimba. Uliandikwa mkataba mbele ya mthibitishaji wa serikali, kwamba daktari atamlipa msichana fedha, atagharimia matibabu yake na kumnunulia kiwanja. Chini ya mkataba ule walitia sahihi mashahidi wawili. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa shirika lile lile.

Tazameni neno hilo, shahidi. Wale wawili walikuwa mashahidi kweli kweli. Waliona, walijua, wakashika kalamu wakaandika majina yao. Ila ushahidi wao ulikuwa wa kulifunga jambo, wala si wa kulifungua.

Na sisi je? Ni mara ngapi hapa tumekaa kwenye mkeka, wazee watatu na baba wa binti, tukapatana juu ya fedha, au vitenge, au hata ndoa, kisha tukasema jambo limekwisha kifamilia? Limekwisha kwa nani? Yule mtu atakwenda kazini Jumatatu kama kawaida, na binti mwingine atakuwa ameajiriwa mahali pa yule wa kwanza. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Sheria zinasema nini

Nitapita haraka hapa, lakini yapo mambo matatu ambayo kila mmoja wetu ayajue.

Kwanza, sheria ya nchi hii. Sheria ya Usawa wa Kijinsia ya Malawi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 6, inasema kumsumbua mtu kijinsia ni kosa la jinai, kwa maneno, kwa ishara au kwa kumgusa, na mkosaji anaweza kutozwa faini na kufungwa miaka mitano. Kifungu cha 7 kinataka waajiri wawe na utaratibu wa kuzuia jambo hilo. Sheria haikusema kwamba aliyetendewa lazima awe Mmalawi.

Pili, kanuni za Umoja wa Mataifa. Tarehe 9 Oktoba 2003 Katibu Mkuu alitoa waraka baada ya aibu zilizofunuliwa katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2002. Waraka huo unakataza kabisa kubadilishana kazi, fedha, bidhaa au msaada kwa ngono. Unakataza ngono na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama mila za mahali zinaruhusu, na hata kama mtenda atasema hakujua umri. Mashirika mengi huwasainisha kanuni kama hizi wafanyakazi wao wote, hata wale wa posho.

Tatu, na hili ndilo la mada yangu. Waraka ule unasema kwamba mfanyakazi akiwa na wasiwasi au shaka juu ya mwenzake, awe wa shirika lake au wa jingine, ni lazima atoe taarifa. Haukusema akiwa na uthibitisho. Umesema akiwa na shaka.

Hapa nawajibu wale ambao huuliza, "Je, kama ni uongo? Je, kama nitamharibia mtu jina?" Kutoa taarifa si kuhukumu. Kuchunguza ni kazi ya wachunguzi, na mtu asiye na kosa ana haki ya kusafishwa nao. Anayetangaza tuhuma sokoni ndiye anayeharibu jina la mtu. Anayeipeleka mahali panapohusika, kwa utulivu, amemtendea haki kila mmoja.

Tufanye nini

Katika nchi mbalimbali siku hizi watu hufundishwa njia tano za kumsaidia anayenyanyaswa. Nimezifikiria kwa mazingira yetu.

1. Kukatiza. Ndiyo njia ya mama wa nyanya. Ingia. Uliza bei. Omba maji. Mwambie binti anaitwa na mama yake. Dondosha sufuria. Si lazima umtaje mkosaji wala ugombane naye. Jambo baya linahitaji faragha, nawe umeiondoa faragha.

2. Kumwita mwingine. Ukiona huwezi peke yako, mtafute mwenye nafasi kuliko wewe: mkubwa wa kazi, mama kiongozi wa zoni, mlinzi, jirani wa duka. Sema kwa jina la mtu, "Mama fulani, njoo nawe." Ukisema tu, "Jamani, mtu asaidie," kila mmoja atamtazama mwenzake, na tumekwisha ona moshi unavyofanya.

3. Kuandika. Andika tarehe, saa, mahali, maneno uliyosikia, na nani alikuwepo. Ufiche karatasi hiyo vizuri, kisha umwulize aliyetendewa kama anaitaka. Lakini usimpige picha, wala usitume habari yake kwenye simu za watu. Picha ikishatoka haimrudii mwenyewe tena.

4. Kumfuata baadaye. Labda ulichelewa, au uliogopa. Bado hujamaliza wajibu wako. Mwendee useme, "Niliona. Si kosa lako. Unataka nikusaidie nini?" Kisha umsikilize. Kama amebakwa, mweleze kwamba kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ambazo ni lazima zianzwe kabla ya saa 72, yaani siku tatu, na mapema ni bora zaidi. Mwambie mtakwenda pamoja zahanati. Mwambie pia kwamba katika polisi ya Malawi kuna kitengo cha kuwasaidia waliodhulumiwa. Asipotaka kwenda polisi leo, usimlazimishe. Hospitali haiwezi kungoja. Hayo mengine yanaweza kungoja neno lake. Lakini akiwa ni mtoto, usiishie kungoja neno lake: wapelekee habari wanaohusika na ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo. Na wewe unayefanya kazi katika shirika, wajibu wako wa kutoa taarifa uko pale pale. Mweleze hivyo kabla hajaanza kusimulia, na jina lake lisifike mahali lisipohitajika.

5. Kusema waziwazi. "Bwana, mwache. Hataki." Maneno haya ni machache, lakini yana hatari yake, na nawaomba myapime. Yaseme mkiwa wawili au zaidi. Wanaume wenzangu, hapa nasema nanyi. Neno la mwanamume kwa mwanamume mwenzake, hasa lile la mwanzo kabisa, wakati bado ni utani, ndilo lenye gharama ndogo na faida kubwa. Ungekuwa mzaha wa bosi wetu hatukuucheka, nani ajuaye?

Nimeona watu hufikiri kwamba kuingilia kati ni kazi ya mashujaa. Mama yule hakuwa na cheo, hakuwa amesoma sheria ya mwaka 2013. Alikuwa na beseni. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni mtu wa kumpokea zamu siku ya nne. Hapo ndipo tulipokuwa tunatakiwa sisi.

Maombi kwa Kamati

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijamaliza nina maombi manne. Nayasema mbele ya wote ili yaandikwe.

La kwanza: kazi yoyote inayopitia mikononi mwa viongozi wetu, iwe ya kubeba mizigo siku moja au ya mwaka mzima, isitolewe na mtu mmoja. Wanaohoji wawe angalau wawili, mmoja awe mwanamke, mchana, katika jengo la watu wote, mlango ukiwa wazi. Isifanyike nyumbani kwa mtu.

La pili: orodha za majina zibandikwe ukutani, na jina likikatwa iandikwe sababu na aliyelikata. Kalamu inayofanya kazi gizani ndiyo inayouza majina.

La tatu: njia za kupeleka malalamiko zisomwe kwa sauti katika mikutano ya zoni, kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa. Matangazo ya ukutani hayamsaidii asiyejua kusoma.

La nne, na hili ndilo zito: Kamati iahidi kwamba atakayetoa ushahidi hatatembea peke yake. Akiitwa, aende na mtu wa Kamati. Akifukuzwa kazi kwa ajili ya ushahidi wake, Kamati iandike barua na iulize sababu. Hatuwezi kuwataka watu waseme, kisha tukawaacha wakale maneno yao.

Najua Kamati haina fedha. Maombi haya hayahitaji fedha. Yanahitaji kiti cha pili, mlango ulio wazi, na karatasi ukutani.

Kumalizia

Ndugu zangu, mahali hapa tulipokaa palikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, kabla hapajawa kambi mwaka 1994. Watu walifungwa hapa kwa sababu ya mawazo yao na maneno yao. Sisi tumepewa mahali hapa ili tupone. Itakuwa ajabu kama tutaishi ndani ya gereza lililofunguliwa, lakini tukaendelea kujifunga wenyewe midomo.

Wengi wetu tulikimbia kwa sababu usiku mmoja watu wenye silaha walikuja, na majirani wakafunga madirisha. Tunajua maana ya dirisha linalofungwa. Wako pia wengine hapa walio hai leo kwa sababu jirani mmoja hakulifunga. Mtu huyo hatumsahau, hata kama jina lake hatulijui.

Nilimwuliza yule dada, pale kwenye foleni, kama kuna neno angependa niwape. Alifikiri, kisha akasema, "Waambie yule mama alirudi kutoka msibani akanitafuta." Mama wa nyanya alisafiri kutoka Chinsapo mpaka huku kambini, zaidi ya kilomita 40, kwa nauli yake, akiuliza zoni kwa zoni mpaka akampata. Alikaa naye mchana mmoja, akarudi. Sisi wanne, tuliozungumza lugha moja naye, hatukuja.

Basi ninyi mlio hapa leo, mkija kuusikia mlango wa stoo ukifungwa kwa ndani, msitazame nyuso za wenzenu. Pigeni hodi.